Simu ya Intaneti Nyumbani: Ibadilishwe Lini, na kwa Faida ya Nani?

Swali la iwapo mtambo wa simu ya intaneti unaofanya kazi vizuri nyumbani uboreshwe au uachwe ulivyo hudhaniwa kuwa la fundi peke yake. Katika mji kama Makindu, kaunti ya Makueni, hilo ni swali la familia nzima, kwa kuwa simu ya namna hiyo aghalabu huwekwa ili mzazi aliyebaki nyumbani aongee bila gharama kubwa na watoto walioko Nairobi, Mombasa, Dubai au Marekani, na siku itakaponyamaza si fundi atakayekosa kuambiwa kwamba mjukuu amezaliwa au kwamba mgonjwa amezidiwa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba upya wa kifaa kipya hautoshi kuwa sababu ya kukiondoa cha zamani, na kwamba uzima wa kifaa cha zamani nao hautoshi kuwa sababu ya kukiacha. Linalopasa kupimwa ni nani atakayeumia simu ikikatika, na kama ipo njia ya kurudi nyuma mabadiliko yakienda mrama.

Simu ya intaneti ni mfumo ambao sauti ya msemaji hukatwa kuwa vipande vidogo vya data, vikasafirishwa kwa njia ileile ipitishayo barua pepe na video, kisha vikaungwa tena upande wa pili na kuwa sauti. Nyumbani mfumo huo huwa na sehemu chache: ruta, yaani kifaa kinachopokea intaneti na kuigawa chumbani, adapta, kisanduku kinachoiwezesha simu ya kawaida ya mezani kuzungumza lugha ya intaneti, na akaunti kwa kampuni inayopokea na kupeleka simu hizo kwenye mitandao mingine. Nyumba chache, hasa zile zenye duka mbele, vyumba vya kupangisha nyuma au wazee wanaoishi katika nyumba tofauti ndani ya boma moja, huongeza swichibodi ndogo, ambayo ni kompyuta ya bei nafuu inayoendesha programu kama Asterisk, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Mmarekani Mark Spencer na inayotolewa bure kwa yeyote anayetaka kuitumia. Vifaa vyote hivyo huelewana kwa itifaki iitwayo SIP, ambayo ni seti ya kanuni zinazoeleza jinsi kifaa kimoja kinavyokiita kingine, jinsi kinavyojibiwa na jinsi mazungumzo yanavyokatwa.

Makindu haikuanza leo kuishi kando ya njia ya mawasiliano. Reli ya Uganda ilipopita hapa mwishoni mwa karne ya 19, waya wa telegrafu ulisimikwa pamoja nayo, na Masingasinga waliofanya kazi kwenye reli hiyo ndio walioacha hekalu la mwaka 1926 ambalo hadi leo hulisha na kulaza wasafiri bila malipo. Zama za simu ya waya wa shaba zilipofika, huduma ilikuwa mikononi mwa Shirika la Posta na Simu, na mwombaji wa laini katika mji mdogo aliweza kungoja kwa miaka. Shirika hilo lilivunjwa mwaka 1999, Telkom Kenya ikazaliwa, na hadi mwaka 2004 kampuni hiyo ilikuwa na ukiritimba wa simu za kimataifa, hali iliyofanya kupiga simu za nje kupitia intaneti kuwa kosa mbele ya wasimamizi wa sekta. Ukiritimba ulipokwisha simu za intaneti zikapata uhalali, na nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipotua Mombasa mwaka 2009, intaneti yenye kasi ikaanza kupanda bara kwa kufuata ukanda uleule wa reli na barabara. Wakati huohuo nyaya za shaba zilikuwa zikiibwa nguzo kwa nguzo, na simu za mkononi zilikuwa zimekwisha kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo simu ya mezani inayorejea Makindu kwa njia ya intaneti inarudi katika nyumba ambazo zimekwisha kuona teknolojia tatu zikija na mbili zikiondoka, na uzoefu huo unastahili kuheshimiwa na kila anayetaka kumshawishi mzee abadilishe kile kinachofanya kazi.

Tahadhari ya wenye kuacha kitu kizima kiendelee ina mashiko. Mwezi Julai 2020, Telkom Kenya ilianza kutumia maputo ya kampuni ya Loon kusambaza intaneti kutoka angani katika maeneo ya magharibi na kati ya nchi, na mwezi Januari 2021 wenye Loon wakatangaza kuifunga kampuni hiyo. Skype, iliyoanza mwaka 2003 na kuwafundisha Wakenya wengi kuongea na jamaa walio ng'ambo wakiwa katika saiba, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2011 na kufungwa tarehe 5 Mei 2025. Waliohamia huko kwa kuamini kwamba kampuni kubwa haifi wamelazimika kuhama tena.

Funzo zito zaidi linatoka Uingereza, ambako kampuni za simu ziliamua kuzima mtandao wote wa waya wa shaba na kuhamishia kila nyumba kwenye simu ya intaneti. Mpango ulikuwa ukamilike Desemba 2025. Ikaonekana kwamba wazee wengi walikuwa na vifaa vya kuitia msaada vilivyounganishwa na laini ya zamani, vile ambavyo mgonjwa hubonyeza kitufe akianguka, na kwamba baadhi ya vifaa hivyo viliacha kufanya kazi baada ya uhamisho. Desemba 2023, kufuatia matukio mabaya, kampuni kubwa zilikubali kusimamisha uhamisho wa lazima, na tarehe ya mwisho ikasogezwa hadi Januari 2027. Nchi tajiri yenye stima ya uhakika, wahandisi wengi na wasimamizi makini ilihitaji kuumiza watu wake kwanza ndipo itambue kwamba laini ya zamani ilikuwa na sifa moja ambayo haikuandikwa kwenye orodha ya gharama: waya wa shaba ulibeba umeme wake wenyewe kutoka kwenye kituo cha simu, volti 48 zilizohifadhiwa kwenye betri kubwa za kampuni, kwa hiyo nyumba ikiwa gizani simu iliendelea kulia.

Simu ya intaneti haina sifa hiyo, na hapa ndipo Makindu inapopaswa kuanzia, kabla ya mtu yeyote kuzungumzia matoleo mapya ya programu. Stima ikikatika, ruta inazimika, adapta inazimika, na kifaa kinachoonekana kizima kabisa mezani huwa hakina faida yoyote. Mwaka 2023 pekee Kenya ilipata giza la takriban nchi nzima tarehe 25 Agosti, tarehe 11 Novemba na tarehe 10 Desemba, na katika tukio la kwanza hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uliguswa. Huko ni kukatika kunakotangazwa magazetini. Kule kusikotangazwa, kwa sababu transfoma ya kijiji imeungua au mti umeangukia waya, wakazi wa Makindu, Kibwezi na Kiboko hawahitaji kuhesabiwa na mtu. Mvua za Novemba na Desemba, ambazo ndizo Ukambani huzitegemea kwa mavuno, huja pamoja na radi, na radi hupita kwenye waya wa stima ikaua ruta ambayo ingeishi miaka kumi.

Hesabu ya kuzuia janga hilo si ngumu. Ruta na adapta kwa pamoja hutumia takriban wati 12. Betri ya volti 12 na saa-ampea 7, ya aina inayouzwa kwa ajili ya mifumo ya kengele, hubeba wati-saa 84, na kwa kuwa betri ya risasi haifai kutolewa nguvu zaidi ya nusu bila kuharibika mapema, mwenye nyumba anaweza kutarajia saa tatu na kidogo za mazungumzo gizani. Betri ya lithiamu yenye ukubwa huohuo huweza kutolewa nguvu zaidi na hudumu kwa miaka mingi zaidi, na paneli ndogo ya sola, kitu ambacho tayari kipo juu ya mapaa mengi Makueni, huijaza mchana. Familia yenye fedha za kununua kifaa kipya cha simu, lakini isiyo na betri, imekwisha kupata jibu la swali lake: fedha ziende kwenye betri na kizuia-radi, na simu iachwe ilivyo. Hukumu hii inaweza kuonekana kali kwa wapenzi wa teknolojia, lakini hakuna toleo jipya la programu lililowahi kuifanya simu ilie bila umeme.

Baada ya umeme huja suala la usalama, na hapa hoja ya kwamba mtambo unafanya kazi hupoteza nguvu zake nyingi. Mtambo wa simu uliounganishwa na intaneti haushambuliwi na mwizi anayeijua nyumba. Hushambuliwa na programu zinazozunguka dunia nzima usiku na mchana zikibisha hodi kwenye mlango namba 5060, ambao ndio mlango wa kawaida wa SIP, na kujaribu nywila moja baada ya nyingine. Zikiingia, hutumia akaunti ya mwenye nyumba kupiga namba za kulipia zilizo nchi za mbali, namba ambazo kila dakika yake humwingizia mtu fulani fedha, na bili humfikia mwenye akaunti. Wizi huu hausikiki mezani. Simu inaweza kuendelea kufanya kazi vizuri kabisa kwa mama mzee wakati huohuo ikimtumikia mhalifu, na kwa hiyo ukimya wa hitilafu si ushahidi wa usalama.

Hali huwa mbaya zaidi pale ambapo watengenezaji wameacha kuziba mianya. Asterisk, kwa mfano, hutoa matoleo ya muda mrefu ambayo hurekebishwa kikamilifu kwa miaka minne na kuzibwa mianya ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi. Toleo la 18, lililotoka Oktoba 2020, lilifikia mwisho wa ulinzi huo Oktoba 2025. Aliyelisakinisha wakati wa janga la korona, ili familia iongee bila kusafiri, leo ana mtambo mzima usio na mlinzi. Kulipandisha toleo hilo nako si kubonyeza kitufe, kwa sababu sehemu ya zamani iliyoshughulikia SIP iliondolewa kabisa katika toleo la 21 mwezi Oktoba 2023, na mahali pake pamechukuliwa na sehemu mpya iitwayo PJSIP, yenye namna tofauti ya kuandika mipangilio. Yule ambaye mipangilio yake iliandikwa kwa mtindo wa kale atalazimika kuiandika upya mstari kwa mstari.

Hata hivyo, ipo njia ya kati, ya kuufunga mtambo uliopo badala ya kuubadilisha, ambayo wauzaji wa vifaa hawapendi kuitaja. Agosti 2025 uligunduliwa mwanya mkubwa katika FreePBX, programu inayorahisisha usimamizi wa Asterisk kwa kurasa za kivinjari, na wahalifu walikuwa wamekwisha kuutumia kabla haujazibwa. Walioathirika ni wale ambao ukurasa wao wa usimamizi ulikuwa wazi kwa dunia nzima, na miongoni mwao walikuwamo wenye toleo jipya la 17, si wa matoleo ya kale peke yao. Upya haukuwalinda; aliyekuwa ameufunga ukurasa huo ili ufikiwe kutoka ndani ya nyumba tu ndiye aliyekuwa salama zaidi. Kwa familia ya Makindu hili ni jambo la kutia moyo, kwa maana kufunga ukurasa wa usimamizi, kuweka nywila ndefu, kuzuia simu za kwenda nchi ambazo hakuna ndugu anayeishi huko na kutumia akaunti ya kulipa kabla, ili hasara isizidi salio lililomo, ni kazi za jioni moja zisizohitaji kifaa kipya. Kubadilisha kunakuwa lazima pale tu mianya isipozibwa tena na mtengenezaji na mtambo ukawa hauwezi kufichwa nyuma ya kinga hizo.

Suala la gharama, ambalo zamani ndilo lililokuwa kiini cha simu ya intaneti, limepungua uzito. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilishusha ada ambayo kampuni moja hulipa nyingine kwa kupokea simu ya mteja wake kutoka senti 99 kwa dakika hadi senti 58 mwezi Agosti 2022, kisha senti 41 mwezi Machi 2024, na simu za ndani ya nchi kwa laini ya mkononi si mzigo kama zamani. Kinachobaki ni simu za nje, na hapo hesabu inategemea namna sauti inavyobanwa. Mfumo wa kale wa kubana sauti, uitwao G.711, hutumia takriban megabaiti 80 kwa saa moja ya mazungumzo ukijumlisha pande zote mbili. Ule uitwao G.729 hutumia chini ya megabaiti 30, na Opus, uliosanifishwa mwaka 2012, hupanda na kushuka kulingana na hali ya mtandao. Nyumba yenye faiba isiyo na kikomo haitaona tofauti, ilhali nyumba inayonunua bando kila wiki itaiona mfukoni. Kwa nyumba hiyo ya pili, adapta mpya inayojua Opus ni badiliko lenye maana, ingawa mara nyingi inatosha kuingia kwenye mipangilio ya adapta ya zamani na kuchagua G.729.

Ipo hoja nyingine inayosahaulika kwa sababu haionekani kutoka Makindu. Simu ina ncha mbili, na anayebadilisha ncha moja anaamua pia kwa niaba ya aliye upande wa pili. Katika Falme za Kiarabu, ambako Wakenya wengi wamekwenda kufanya kazi za nyumbani, ulinzi na hoteli, simu za sauti za WhatsApp huzuiwa na zinazoruhusiwa ni programu zilizopewa leseni. Binti aliyeko Dubai anaweza kuwa amezoea kupiga namba ya mezani ya mama yake kwa njia moja tu inayokubalika huko, na ndugu yake wa Nairobi akifuta namba hiyo kwa sababu kila mtu siku hizi yuko WhatsApp, anakuwa amemfungia dada mlango bila kujua. Hili si jambo dogo kwa wafanyakazi ambao malalamiko ya kunyanyaswa, kunyimwa mshahara na kunyang'anywa pasipoti yamesikika mara nyingi katika Bunge la Kenya; namba ambayo mama huipokea daima huweza kuwa ndiyo njia pekee ya kuomba msaada. Familia yenye mtu Ghuba haina haki ya kubadilisha simu kabla ya kumuuliza.

Hata hivyo, simu ya intaneti isipewe kazi isiyoiweza. Anayepiga 999 au 112 kwa simu ya mkononi huweza kukadiriwa alipo kwa kufuata mnara uliomhudumia, ilhali simu ya intaneti haibebi habari hiyo kwa uhakika, na M-Pesa, ambayo tangu mwaka 2007 imekuwa pochi ya nchi, huishi kwenye laini ya mkononi. Karibu na hifadhi za Chyulu na Tsavo, ambako ndovu huingia mashambani usiku, simu ya mkononi yenye chaji inabaki kuwa ya lazima hata katika nyumba yenye mtambo bora kuliko wote.

Pale ambapo mambo hayo yamepimwa na ikaonekana kwamba kubadilisha kunafaa, namna ya kubadilisha huwa na uzito kuliko kifaa kinachonunuliwa. Mitambo mingi ya nyumbani huwekwa na kijana aliyekuja likizo, akaisanidi kwa umahiri, kisha akarudi mjini na nywila zote kichwani. Mabadiliko yanayofanywa na kijana huyo huyo Jumapili alasiri, saa mbili kabla ya kupanda basi, ndiyo yanayoiacha nyumba bila simu hadi Krismasi. Mipangilio ya sasa inakiliwe kwanza mahali pawili, moja ya nakala hizo ikiwa ya karatasi ndani ya bahasha pamoja na hati za nyumba. Kifaa cha zamani kisiuzwe wala kisigawiwe jirani kwa angalau mwezi mmoja. Kipya kiendeshwe sambamba na cha zamani kwa namba ya majaribio. Na namba ambayo watu wanaifahamu ihamishwe mwisho kabisa, baada ya mama mwenyewe kupiga na kupokea simu kutoka kila nchi aliko mtoto wake, mchana kwa stima na usiku kwa betri. Kazi hiyo ifanyike Septemba au Oktoba mapema, kabla ya radi za Novemba, na ifanywe na mtu atakayekuwapo Makindu wiki inayofuata. Asipopatikana mtu huyo, kubadilisha kuahirishwe hadi apatikane, na milango ya mtambo wa zamani ifungwe wakati wa kumngojea.